Sura ya Sita: Mji Mwembamba

Wengi wetu kutoka Afrika Mashariki huiona Mumbai kwanza kupitia kioo cha teksi, njiani kwenda hospitali. Mgonjwa yuko kiti cha nyuma, bahasha ya eksirei iko mapajani, na mji unapita nje bila mtu kuutazama. Siku za mwanzo huishia kwenye foleni za maabara na madirisha ya malipo. Kisha hufika siku ambayo daktari anasema mgonjwa alale, majibu yatatoka kesho, na yule aliyemsindikiza anabaki na siku nzima isiyo na kazi asijue aanzie wapi. Sura hii ni yake.

Ningemshauri aiache mezani ile karatasi ya vivutio inayogawiwa hotelini. Mumbai hutembelewa kwa kufuata saa. Mji wenyewe ni ulimi wa ardhi, bahari iko magharibi, kusini na mashariki. Benki, mahakama, soko la hisa na ofisi kongwe zimesongamana kwenye ncha ya kusini, na watu wengi wanaofanya kazi humo wanalala kaskazini, wengine zaidi ya kilomita 50 kutoka hapo. Asubuhi mji unateremka kusini, jioni unapanda kaskazini. Ukienda nao utaona migongo ya watu tu. Dawa ni kuutangulia: uwe umeshafika kusini kabla haujaamka.

Wembamba huo haukuumbwa na Mungu peke yake. Hapa palikuwa na visiwa saba vya mikoko na matope, makazi ya wavuvi wa Kikoli, ambao mungu wao wa kike, Mumba, ndiye aliyeupa mji jina lake la sasa. Wareno walivishika katika karne ya 16. Mwaka 1661 wakavitoa kwa Mfalme Charles II wa Uingereza alipomposa Catherine wa Braganza. Kwetu mume ndiye anayetoa mahari, ila kwa wafalme wa Ulaya bibi harusi ndiye aliyekuja na visiwa. Mfalme hakuona faida yake. Mwaka 1668 akaikodishia Kampuni ya India Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka, na kuanzia hapo kazi ikawa moja, kizazi baada ya kizazi: kumwaga mawe na udongo baharini mpaka visiwa saba vikawa kimoja. Karibu kila kitu utakachokiona leo, kuanzia msongamano wa treni hadi chakula cha mchana cha karani, kinatokana na udongo ule kuwa mwingi kiasi cha kujenga mji lakini mchache kiasi cha kuutosheleza.

Anzia gatini Sassoon, mtaa wa Colaba, saa kumi na moja alfajiri. Gati hili lilifunguliwa 1875 na familia ya wafanyabiashara Wayahudi waliotoka Baghdad, wakati pamba ilipokuwa utajiri wa mji. Siku hizi kinachoshushwa ni samaki. Aliyezoea soko la Feri pale Dar es Salaam hatapotea: barafu inasagwa, makapu yanarushwa, sakafu inateleza, na ukisimama njiani utasukumwa bila kuombwa radhi. Tofauti ni kwamba Feri mnadani utamkuta dalali mwanamume, na hapa bei ziko mikononi mwa wanawake. Mama wa Kikoli, sari yake imefungwa kwa kupitishwa katikati ya miguu ili atembee vizuri kwenye maji, dhahabu masikioni, anakaa juu ya kreti na kuuza fungu zima la kamba wakati mgeni bado anajaribu kuelewa nani anazungumza na nani. Mmoja aliniuliza kwa ishara kama nanunua. Nilipotikisa kichwa akanionyesha kwa ishara vilevile niondoke mbele ya biashara yake. Alikuwa na haki. Kamera iache mfukoni, maana kupiga picha gatini ni marufuku, na vaa viatu unavyoweza kuviosha.

Kutoka hapo ni mwendo wa nusu saa kwa miguu hadi Gateway of India, tao kubwa la mawe lililo ukingoni mwa maji. Lilikusudiwa kuadhimisha ujio wa Mfalme George V mwaka 1911, lakini jiwe la msingi liliwekwa 1913, mfalme akiwa ameshaondoka zamani, na ujenzi ukakamilika 1924. Februari 1948 kikosi cha mwisho cha askari wa Uingereza kilipita chini yake kikipanda meli kurudi kwao. Kwa hiyo lango hili lilidumu kama mlango wa dola kwa miaka 24 tu, jambo ambalo linanifurahisha kila nikilitazama. Nyuma yake iko hoteli ya Taj Mahal Palace, iliyofunguliwa na Jamsetji Tata mwaka 1903, na ambayo dunia nzima iliiona ikiwaka moto kwenye televisheni mwezi Novemba 2008, katika mashambulizi yaliyoua zaidi ya watu 160 sehemu mbalimbali za mji. Mashua za kwenda kisiwa cha Elephanta, penye mahekalu yaliyochongwa ndani ya mapango, zinaondokea hapo. Ni safari nzuri, ila itakula nusu ya siku yako. Mwenye siku moja aiache.

Kunywa chai kwenye mojawapo ya migahawa ya Wairani, ile yenye meza za marumaru na viti vya mbao vilivyopinda, iliyoanzishwa na Wazoroasta waliohamia kutoka Iran zaidi ya karne moja iliyopita. Agiza mkate mgumu wenye siagi na uuchovye. Usikae sana, kwa sababu ikikaribia saa tatu lazima uwe stesheni.

Stesheni yenyewe ndiyo jengo la fahari kuliko yote mjini. Frederick William Stevens alilichora, ujenzi ukachukua miaka kumi, kuanzia 1878 mpaka 1888, na mwaka 2004 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lilipewa jina la Malkia Victoria. Tangu 1996 linaitwa kwa jina la Chhatrapati Shivaji, mfalme wa Wamaratha, ingawa madereva wengi wa teksi bado wanasema VT. Juu ya nguzo za lango wameketi simba wa Uingereza na chui milia wa India. Kwenye kuta wamechongwa tausi, nyani, mijusi na majani ya kila aina. Watalii husimama ng'ambo ya barabara wakalipiga picha, wakaondoka. Wamekosa. Ingia ndani, simama kando ya nguzo upande wa treni za mjini, na usubiri.

Treni inaingia ikiwa na watu wanaoning'inia milangoni, na kabla haijasimama wa mbele wameshashuka wakikimbia. Halafu jukwaa linajaa lote kwa mara moja. Hakuna anayepiga kelele. Kinachosikika ni viatu. Dakika chache baadaye jukwaa ni tupu, na treni nyingine inaingia jukwaa la pili. Hapa jirani ndipo treni ya kwanza ya abiria nchini India ilipoondokea tarehe 16 Aprili 1853, ikienda Thane, kilomita 34, na wageni waalikwa 400. Leo reli za mjini hubeba zaidi ya abiria milioni 7 kwa siku. Wahandisi wake wanahesabu mpaka watu 14 au 16 waliosimama kwenye mita moja ya mraba wakati wa msongamano. Jaribu kuchora mraba huo sakafuni kwako uwapange jamaa zako ndani yake. Milango ya treni nyingi haifungwi, kwa kuwa ikifungwa hewa itakwisha na nusu ya abiria watabaki nje. Gharama yake inafahamika: zaidi ya watu 2,000 hufa kila mwaka kwenye reli hizi, wengi wao wakigongwa wanapokatiza njia na wengine wakianguka kutoka milangoni. Simjui mwandishi wa vitabu vya utalii anayependa kuliandika hilo, lakini fahari ya jengo bila hesabu hiyo ni nusu ya habari.

Wanawake wana mabehewa yao, na tangu Mei 1992 upande wa reli ya Magharibi kuna treni nzima ya wanawake watupu. Dada zangu waliosafiri ndani yake wanasema humo watu wanamenya mboga za chakula cha usiku, wananunua hereni kwa wachuuzi, na wanagombana kama kawaida.

Sasa utaelewa lile linalowashangaza wageni saa tano na nusu nje ya stesheni ya Churchgate. Wanaume waliovaa kofia nyeupe za kitambaa wanashusha kutoka kwenye treni mbao ndefu zilizopangwa vyombo vya chakula, wanavimwaga barabarani, wanavichambua kwa kasi, na kila mmoja anaondoka na fungu lake kwa baiskeli, mkokoteni au kichwani. Hao ndio dabbawala. Kazi hii ilianza karibu 1890, na wengi wao hutoka vijiji vya milimani upande wa Pune. Mke au mama anapika nyumbani kaskazini baada ya mume kuondoka. Chombo kinachukuliwa mlangoni, kinapanda treni, kinabadilisha mikono mara kadhaa, na saa saba kasoro kiko mezani ofisini, moto bado. Alasiri kinarudi kilikotoka. Anwani hazipo. Kuna alama za rangi, herufi na namba juu ya kifuniko, zinazosema stesheni ya kushukia, mtaa, jengo na ghorofa.

Kwa nini karani asibebe chakula chake mwenyewe? Kwanza, saa moja asubuhi hakijaiva. Pili, kumbuka ule mraba. Kwenye behewa la aina hiyo hata mkono wa kushikia chombo haupatikani. Wembamba wa mji umezaa ajira. Kabla ya mwaka 2020 dabbawala walikadiriwa kufikia 5,000, wakibeba kama vyombo 200,000 kwa siku. Uviko uliwapiga vibaya, na kazi za kufanyia nyumbani zikamalizia. Walio barabarani leo ni wachache sana kuliko wale. Wahi kuwaona, na usiwasimamishe kwa maswali. Wana dakika, hawana saa.

Wewe huna dabbawala, kwa hiyo kula vada pav: kachori ya viazi kama zetu za pwani, imebanwa ndani ya mkate mdogo, ikapakwa chatini ya kitunguu saumu na kuwekewa pilipili nzima pembeni. Ni chakula cha wasiokuwa na pa kukaa, nacho hulika kwa kusimama.

Joto la mchana lipelekee sokoni. Crawford Market, lililojengwa miaka ya 1860, lina michongo ya mawe juu ya milango iliyobuniwa na Lockwood Kipling, baba yake Rudyard, na ukifika kati ya Aprili na Juni utakuta maembe ya Alphonso yamepangwa kwenye nyasi kama vito. Kaskazini yake inaanza Mohammed Ali Road, barabara ya misikiti, manukato, tende na mishikaki, ambayo usiku wa Ramadhani haina pa kutia mguu. Endelea hadi Bhendi Bazaar. Hapa Mtanzania au Mkenya atajikuta anatazama sura anazozifahamu: wanaume wenye ndevu na kofia nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, wanawake wenye rida za rangi nyororo, wale wale wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Dar, Mombasa na Mji Mkongwe. Hao ni Mabohora. Kiongozi wao mkuu makao yake yako mji huu, na hapa Bhendi Bazaar iko Raudat Tahera, kaburi la Syedna Taher Saifuddin, ambalo kuta zake za marumaru zimeandikwa kwa ndani Kurani nzima. Kwa Bohora wa Unguja, Mumbai si utalii, ni ziara. Mtaa unaolizunguka kaburi unabomolewa na kujengwa upya kwa maghorofa marefu, mradi mkubwa wa jumuiya yenyewe, na vyumba vile vya zamani vya mbao vinapungua kila mwaka. Siwezi kuwalaumu. Wanaohuzunikia roshani za mbao mara nyingi ni sisi ambao hatujapata kutumia choo kimoja na familia kumi.

Utakuwa umeona jambo moja: bajaji hakuna. Chombo ambacho India ilitupa, kikaenea mpaka Kigoma, hakiruhusiwi kuingia kusini mwa mji. Kinaishia Mahim na Sion. Huku ni teksi nyeusi zenye paa la njano. Zile za kizamani, Premier Padmini, zilistaafishwa rasmi mwishoni mwa Oktoba 2023.

Achana na teksi hata hivyo. Panda treni ya polepole reli ya Magharibi, nauli huanzia rupia 5, uteremke Mahalaxmi. Saa nane au tisa alasiri utapata kiti. Juu ya daraja la stesheni, tazama chini: safu za mabirika ya zege, wanaume wakizipigapiga nguo kwenye mawe, na mashuka ya hoteli na, bila shaka, ya hospitali yakiwa yameanikwa kwenye kamba. Kisha inua macho. Yale maghorofa ya vioo nyuma ya nguo yamesimama mahali palipokuwa na viwanda vya pamba. Kiwanda cha kwanza cha nguo mjini kilianzishwa miaka ya 1850, na kabla karne haijaisha nguo za Bombay, kama mji ulivyoitwa wakati huo, zilikuwa zikishindana na merikani katika maduka ya Zanzibar; babu zetu walizivaa. Mwaka 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 waligoma wakiongozwa na Datta Samant. Mgomo haukumalizwa rasmi. Viwanda vingi vilifungwa, na wenye viwanda wakagundua kwamba katika mji mwembamba kiwanja kina thamani kuliko kitambaa.

Kutoka Mahalaxmi mpaka Haji Ali si mbali, lakini kabla ya kwenda uliza kwanza habari za maji. Msikiti na kaburi la Pir Haji Ali Shah Bukhari vimesimama juu ya mwamba ndani ya ghuba, na njia ya kufikia ni tuta la chini lisilo na ukingo, mita mia kadhaa, ambalo bahari hulifunika maji yakijaa. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kupwa na kujaa. Wageni wengine husimama barabarani wakilalamika kwamba pamefungwa. Wanasimulia kwamba mtakatifu huyo alifia safarini kwenda Makka, na sanda yake ikaletwa na mawimbi mpaka mwamba huu. Kwenye tuta wanapita Waislamu, Wahindu na wasio na dini. Pembeni wamekaa watu waliobadilisha noti kuwa sarafu ili upate cha kuwapa ombaomba. Alhamisi na Ijumaa huimbwa kawali. Wanawake walizuiwa kwa miaka kadhaa kuingia chumba cha kaburi, mpaka Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamua mwaka 2016 kwamba katazo hilo linavunja katiba, sasa wanaingia.

Ukiwa katikati ya tuta, geuka utazame barabara uliyotoka. Hapo ndipo palipokuwa na pengo kubwa kati ya visiwa, ambapo bahari iliingia na kufurika katikati ya mji. Gavana William Hornby alijenga ukuta wa kuliziba, ukakamilika miaka ya 1780, na bonde lote la nyuma likakauka na kuwa mji. Tangu 2024 mbele ya ukuta ule imepita barabara mpya ya pwani, nayo imejengwa juu ya kifusi. Kazi ya Hornby haijaisha. Na bahari nayo haijasahau: tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha milimita 944 za mvua ndani ya saa 24, maji yakiwa yamejaa baharini, na mifereji ikakosa pa kumwaga. Watu walilala ofisini, kwenye mabasi, juu ya mabehewa. Zaidi ya 1,000 walikufa Mumbai na sehemu za jirani. Ndiyo maana ningekwambia usije kutembea Juni mpaka Septemba, kama mgonjwa wako anaweza kusubiri. Kwa kawaida hawezi.

Jioni rudi kusini mpaka ufuo wa Chowpatty, mwanzo wa Marine Drive. Utakuwa unakwenda kinyume na mji, na utafika umekaa. Nunua bhelpuri, mchanganyiko wa mchele uliobanikwa, sev, viazi, vitunguu na ukwaju, ukae ukutani. Ukiipa bahari mgongo utaona jengo la mawe la Chuo cha Wilson, lililokamilika 1889, lenye jina la John Wilson, mmisionari wa Kiskoti aliyefungua shule mjini hapa mwaka 1832. Mwaka 1864 David Livingstone alitia nanga Bombay akitokea Zanzibar kwa meli ndogo ya mvuke, Lady Nyassa, baada ya siku 45 baharini. Kati ya mabaharia wake alikuwamo Susi wa Shupanga, kando ya Zambezi, na kijana Chuma, Myao aliyekombolewa kwenye msafara wa watumwa. Chuma aliachwa shuleni kwa Wilson. Susi akafanya kazi bandarini. Livingstone alirudi kuwachukua, na Januari 1866 wakaondoka wote kwenda Zanzibar. Hao ndio waliokuja kuongoza safari ya kuubeba mwili wake kutoka kijijini kwa Chitambo hadi Bagamoyo. Jengo hili Chuma hakuliona, alikufa 1882, lakini kusoma alisoma mji huu, miaka mingi kabla wengi wetu hatujaujua kwa majina ya hospitali. Nashangaa kwamba vitabu vyetu vya shule vinamfuata Chuma mpaka Bagamoyo na havimfuati mpaka hapa.

Ukishiba, tembea Marine Drive kuelekea Churchgate, kilomita tatu na ushei, maghorofa ya miaka ya 1930 upande mmoja na maji upande mwingine. Usiharakishe kuingia stesheni. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku mji wote unarudi kaskazini na hauna nafasi yako. Saa tatu ni muda mzuri. Soma ubao wa treni kwa makini: kama hoteli yako iko Andheri, usipande ile ya haraka inayokwenda Virar hata ukiiona ina nafasi. Watu wa Virar wana safari ndefu, hawapendi mtu wa karibu awachukulie mlango, na sifa yao inajulikana reli nzima: hawatakupisha utakapotaka kushuka. Ngoja inayoishia Borivali, simama upande wa kushukia, na mpigie mgonjwa simu umuulize kama amekula.